Ni Maji Tu

Jumatano iliyopita nilioga kwa chupa moja na nusu. Si maneno ya kupamba safu, nilipima. Chupa ya kwanza, ile ya lita moja na nusu, ilikwenda kwenye sabuni na mwili mzima. Nusu ya pili ikasuuza ilipofika. Bomba letu la Tabata lilikuwa na siku ya tano halijakohoa, tenki ukiligonga linaitika kama ngoma, na mwenye boza alikuwa "anakata kona ya mwisho" tangu juzi yake. Nikatoka bafuni na povu nyuma ya sikio, nikapita sebuleni. Dirishani walikuwa wamejipanga kumi na tisa, kila mmoja ndani ya maji yake, maji baridi, safi, yamemfika kiunoni. Hakuna hata mmoja aliyesema pole.

Nazungumzia maua.

Mke wangu, Mama Neema, ameingia kwenye ufugaji wa maua ya majini. Ingekuwa bustani ningeielewa: bustani ina udongo, na udongo hupokea lawama bila kujibu. Haya yake hayataki udongo. Ni mimea ya majani ya rangi. Unakata kijiti, unakitumbukiza kwenye chupa ya maji, unakiweka dirishani, na kuanzia hapo kinakuwa mwanafamilia mwenye haki ya maji kukuzidi wewe unayelipa kodi ya nyumba.

Yalianza Februari, kwenye kitalu kimoja kando ya Barabara ya Bagamoyo. Mimi nilikuwa dereva tu, wala sikushuka kwenye gari kwa hiari yangu. Kijana wa kitalu akamtazama mama, akanitazama mimi, akajua nani ana pesa na nani ana uamuzi.

"Mama angu, haya hayana kazi. Hakuna udongo, hakuna uchafu, hakuna kupalilia. Ni maji tu."

Miaka ishirini na sita niliyokaa Dar imenifundisha kuliogopa hilo neno "tu". Gari nililouziwa mwaka 2011 lilikuwa na shida ya betri tu. Kiwanja nilichowahi kulipia kilikuwa kimebakiza sahihi ya mwenyekiti tu. Lakini anayeshika usukani hasikilizwi, kazi yake ni kufungua buti.

Tulirudi na mimea minne ya shilingi elfu thelathini na mbili. Kulikuwa na mani planti, mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo, kijani kilichorushiwa manjano kama mtu aliyepita karibu na fundi rangi. Kulikuwa na koliasi, jani lake damu ya mzee katikati na kijani pembeni. Kulikuwa na pundamilia, mistari ya fedha juu, zambarau tupu chini. Na kulikuwa na mwanzi wa bahati, vijiti vitatu vilivyonyooka, vimefungwa utepe wa dhahabu, vimesimamishwa kwenye glasi yenye kokoto. Bahati peke yake elfu kumi na mbili.

Pundamilia nilimtambua pale pale. Ni wa ukoo mmoja na lile gugu la shambani lenye kiua kidogo cha buluu ambalo sungura hulipenda. Kule kwetu kisiwani Ukerewe mama yangu alipigana nalo maisha yake yote. Unaling'oa, unalitupa juu ya jiwe, linanyauka mbele ya macho yako, unakwenda kula mchana. Ikinyesha mvua moja, kila kipande kimeshika ardhi na kinaanza upya. Mimea ya ukoo ule ina vifundo kwenye shina, na kila kifundo ni mzizi unaosubiri kisingizio. Nikamweleza Mama Neema kwamba amenunua kwa pesa kitu ambacho sisi tulichapwa fimbo kwa kutokimaliza. Akasema hili ni tofauti, hili ni la urembo.

Mwezi wa tatu akaja na la tano, na hapo ndipo nilipotaka kuitisha kikao cha ukoo. Ni kiua kifupi, majani yana manyoya kama sikio la paka, na maua yake ni ya zambarau. Wazungu hukiita urujuani wa Afrika. Elfu kumi na tano, na muuzaji kamwambia kimetoka Ulaya. Sasa mke wangu ni Msambaa wa Lushoto. Nikamkalisha.

"Mama Neema, hili ni la kwenu. Mwaka 1892 kulikuwa na Mjerumani mtawala wa wilaya huko Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Aliliona ua hili, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akaliandika vitabuni kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa huyo baron. Wakalizalisha kwa kila rangi, wakaliuza dunia nzima. Leo wewe, uliyezaliwa Usambara, unalinunua elfu kumi na tano. Ni sawa na mimi ninunue dagaa kutoka Uswisi."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu ambao ningepaswa kuushuku. Kisha akachuma jani moja pamoja na kikonyo chake, akaliegemeza kwenye kikombe changu cha chai chenye maji kidogo, kikonyo ndani, jani lenyewe juu, kavu, maana likilowa linaoza. "Basi hatununui tena la pili," akasema. Na kweli, wiki zilipopita mizizi myeupe kama nyuzi za cherehani ikatoka, halafu vitoto vikachomoza pale chini. Kikombe changu sijakipata mpaka leo.

Kikombe kilikuwa mwanzo tu wa kutaifishwa kwa vyombo. Binti yetu Neema, yuko kidato cha tatu na biolojia imemkaa kichwani vibaya, alimfundisha mama yake kukata: chini kidogo ya kifundo, kwa kisu kikali, na majani yote yatakayozama yaondolewe kwa sababu jani likikaa ndani ya maji linaoza na maji yananuka kama mtaro. Tangu siku hiyo kila tawi linalorefuka linakatwa, na kila likikatwa anazaliwa mtoto anayedai chupa. Zikaenda glasi za wageni. Likaenda jagi. Vilipokwisha vyetu akatuma mtu kwenye baa ya nyuma, akaletewa mizinga mitupu minane, shilingi mia mbili kila mmoja.

Mimi sinywi. Nataka liandikwe hilo. Juma lile lile akaja mzee wa kanisa kwa mambo ya michango ya ujenzi. Akakaa, akatazama dirishani. Mizinga minane ya pombe kali imepangwa kwa urefu, lebo nyingine zimebanduka, nyingine zinasomeka vizuri sana, na kwenye kila mdomo kumechomekwa jani kama vile kuna mtu alitaka kuficha ushahidi akaishiwa muda. Akapendekeza tuanze kwa sala. Sala ilikuwa ndefu, na jina langu lilitajwa mara tatu.

Kumbe hata rangi ina masharti yake. Ile koliasi tuliyoileta nyekundu iliwekwa kwanza kwenye kona ya televisheni, na baada ya wiki tatu wekundu ukawa unaondoka kama shati la mtumba lililofuliwa mara moja. Mani planti nayo, kila jani jipya likawa linatoka kijani kitupu. Neema akaeleza kwamba rangi zote zile hustawi penye mwanga. Mmea ukiwekwa gizani unaacha mapambo na kuongeza ukijani, maana ukijani ndio unaoupikia chakula. Nilimwelewa mmea, hata mimi mwezi ukiwa mgumu siendi kunyoa. Lakini uamuzi uliotokana na somo hilo ni kwamba dirisha ni la maua. Kochi langu, ambalo lina bonde la umbo langu, likasogezwa karibu na mlango wa choo. Taarifa ya habari ya saa mbili naiona kwa jicho la kulia.

Na si kila mwanga. Jua la alasiri likipiga chupa moja kwa moja maji yanapata moto, na chupa nyeupe ikipata mwanga mwingi inaota utelezi wa kijani kwa ndani, kama ukuta wa kisima. Dawa yake ni kuifunika chupa ili mizizi ikae gizani huku majani yakila mwanga juu. Kuifunika kwa nini? Mama Neema alifikiri dakika moja. Jumatatu asubuhi natafuta soksi zangu nyeusi za ofisini, naambiwa chukua ya mwanzi wa bahati, hiyo imekauka.

Turudi kwenye "ni maji tu". Maji yetu ya bomba, yanapokuja, huja na klorini, unaisikia puani. Mimea hii haiipendi. Kwa hiyo maji yanakingwa kwenye ndoo, ndoo inaachwa wazi usiku kucha ili klorini ipae. Kwa hiyo jikoni kwangu kuna ndoo ya lita ishirini ambayo hairuhusiwi kuguswa na binadamu. Inapumzika. Mimi nikipumzika naulizwa nina nini.

Halafu maji hayo, yakishapumzika, hayana chakula. Mmea unaweza kuishi miezi kwenye maji matupu ukila akiba yake, lakini taratibu majani yanapauka na yanakuwa madogo, kama mtoto aliyepelekwa bweni. Ikabidi inunuliwe busta, ile mbolea ya maji ambayo wenzetu wa nyanya hupuliza shambani, na ichanganywe kidogo sana, maana ikizidi inaunguza mizizi. Matone machache, tena mara moja kwa mwezi. Chupa ya busta ina ujazo wa kutosha kulisha mkoa. Inakaa kwenye kabati la vyombo, juu kabisa, karibu na chumvi, na kila nikila mchuzi nauonja mara mbili.

Mtu wa kwanza kunitetea alikuwa Mangi, mwenye duka hapo kona, naye alikuja kutetea chupa zake. Tulikuwa tumechukua soda kumi za Pasaka kwa makubaliano ya kawaida: soda inanyweka, chupa inarudi. Mwezi ukapita. Mangi akavua kandambili mlangoni, akaingia, akaziona chupa zake dirishani, zimevaa soksi.

"Mama Neema, hizi ni za kreti. Gari la soda haliniletei mzigo bila chupa."

"Mangi, tatu chukua. Hizo saba zimeshashika mizizi, na mizizi haisumbuliwi."

Mangi alitaka kujibu, lakini macho yake yakawa yametua kwenye mwanzi wa bahati. Akausogelea, akaushika jani, akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta.

"Baba Neema, hiki umeuziwa kama nini?"

"Mwanzi. Wa China."

"Mwanzi wa wapi! Hili ni ndugu wa isale. Tazama jani. Umenunua isale!"

Nilikwenda kuhakikisha, na Mangi yuko sahihi. Mwanzi ule si mwanzi hata kidogo. Ni Dracaena, asili yake ni misitu ya Cameroon, na isale la Wachagga nalo ni Dracaena. Kwa hiyo nilichonunua ni isale la Cameroon lililonyooshwa, likafungwa utepe na kupewa uraia mwingine. Kule Kilimanjaro, Mangi akanieleza huku akijifuta machozi, masale huoteshwa kwenye mpaka wa kihamba na kwenye makaburi, na hayanunuliwi. Tena yana kazi nyingine kubwa zaidi. "Mtu akikukosea, hata awe amekufanyia jambo gani, akija mbele yako na jani la isale, huna ujanja. Unasamehe." Hilo nikaliweka akibani. Mwanamume mwenye ndoa hatupi silaha ya bure.

Wapo wanaonishangaa: wewe mtu wa kisiwani, umezaliwa umezungukwa na maji, ua ndani ya chupa linakusumbua nini? Ni kwa sababu nimezaliwa kisiwani. Nilikuwa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipoanza kuyaona magugu maji. Hatukuyaita magugu siku ile. Yalikuja yakielea, vikonyo vimevimba kama vibofu, majani yanang'aa, na katikati shada la maua ya zambarau, petali ya juu ina doa la manjano kama jicho la tausi. Ua zuri kuliko yote tuliyokuwa nayo. Mwalimu wetu alilitia kwenye kopo la maji juu ya meza yake, tukalichora. Halikuwa na kazi, kwa kweli. Lilikuwa maji tu.

Ua lile asili yake ni bonde la Amazon, Amerika Kusini, na lilitembezwa duniani na watu waliolipenda kwa urembo wa mabwawa yao. Ziwani kwetu lilikuwa limeshaingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Likipata maji ya joto na yenye rutuba, linajizidisha maradufu ndani ya wiki mbili. Baba yangu alikuwa mvuvi. Nakumbuka asubuhi moja alishuka mwaloni na kasia begani, akasimama. Hapakuwa na ziwa. Palikuwa na shamba la kijani mpaka upeo wa macho, mtumbwi wake umebanwa katikati kama kijiko kwenye ugali wa moto. Nyavu zilipasuka, samaki wakakosa hewa chini ya zulia lile, mbu na konokono wakaneemeka. Baadaye ilibidi waletwe fukusi wadogo kutoka huko huko Amerika Kusini, walioumbwa kulila, ndipo likaanza kupungua, na mpaka leo halijaisha. Kwa hiyo ninapohesabu chupa nne za Februari na kumi na tisa za leo, sihesabu kwa wivu. Nahesabu kama mtoto wa mvuvi.

Masika yalipochanganya, Mungu akaniletea bwana afya. Alikuja na mjumbe wa shina, wanapita nyumba kwa nyumba. Akaingia sebuleni, akasimama mbele ya dirisha langu bila kusema, akawasha tochi ya simu na kuielekeza ndani ya mzinga wa tatu. Viluwiluwi. Walikuwa wanapinda na kunyooka mle ndani kama wako kwenye mafunzo ya kuogelea.

"Mzee, hapa mnafuga," akasema.

Sijawahi kuipenda serikali kama dakika ile. Akaeleza, na mimi nikamwongezea sauti kila alipopunguza: mbu wa dengue si yule wa malaria anayekuja usiku. Huyu ni mweusi, miguu ina pingu nyeupe, anauma mchana, na hataki mtaro mchafu. Anataka maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba za watu waungwana: ndoo, tairi, sahani ya chini ya chungu, chupa ya maua. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka, kwa joto letu hili, ni kama wiki moja au siku kumi. Dar iliugua vibaya homa hiyo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Wazee waliiita kidingapopo, na aliyewahi kuugua hawezi kusahau jinsi viungo vilivyomfanya. Nikawa namtazama Mama Neema kwa upole wa mtu ambaye kesi yake inasomwa vizuri na wakili wa mwenzake.

"Kwa hiyo yatupwe?" nikauliza.

"Ya nini kutupwa? Maua mazuri namna hii." Bwana afya akazima tochi. "Maji yabadilishwe kila wiki, msipitishe siku saba. Na chupa isuguliwe ndani kwa brashi, kwa sababu mayai hugandishwa kwenye ukuta wa chupa juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi yakingoja. Ukimwaga maji bila kusugua hujafanya kitu." Halafu akamgeukia mke wangu, sauti imeshuka. "Mama, samahani. Huyu wa mistari, naweza kupata kijiti?"

Akakatiwa viwili. Likabaki swali la nani atasugua chupa kumi na tisa kila Jumamosi. Mjumbe akanitazama. Mama Neema akanitazama. Bwana afya akaandika kitu kwenye daftari lake.

Sasa niwaambie la Juni. Mama Neema alikwenda Lushoto kwenye harusi ya mdogo wake, siku kumi, akaniachia karatasi ya maelekezo iliyoandikwa pande mbili. Siku ya tatu maji yakakatika. Siku ya saba ilikuwa Jumamosi, siku ya kubadilisha, na tenki lilikuwa na maji ya kupikia tu. Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: nikachota kwa jirani mwenye kisima. Wenyeji wa Dar mmeshajua naelekea wapi. Maji ya kisima kile ni ya chumvi. Ukifulia sabuni inagoma, ukiogea unatoka na vumbi jeupe kwenye viwiko. Lakini karatasi ilisema maji yalazwe usiku kucha kwenye ndoo ili yatoke ubaya wake, nami nikayalaza. Nilifuata maelekezo. Hilo nimelirudia mbele ya wajumbe wote wa familia.

Klorini hupaa, chumvi haina mbawa. Maji yakipungua kwa joto, chumvi inabaki pale pale na inazidi kukolea. Mizizi badala ya kunywa inanyonywa, mmea unakufa kwa kiu huku umesimama ndani ya maji, kama mvuvi aliyepotea katikati ya bahari. Koliasi zilianza kulala siku ya pili yake. Majani yaliinama kama watoto wanaosubiri fimbo. Pembe za mani planti zikageuka kahawia. Mizizi iliyokuwa myeupe ikawa kama tambi zilizosahaulika jikoni. Hata pundamilia, yule wa ukoo usiokufa, alikunja mistari yake. Waliopona ni urujuani, ambao ulikuwa kwenye kikombe nilichokisahau, na mwanzi wa bahati, uliokuwa umehamishiwa chumbani, ambako kwa uvivu wangu sikufika.

Mama Neema alirudi na kapu la viazi na karoti. Aliliweka chini mlangoni. Akatembea mpaka dirishani, akashika jani moja, likabaki mkononi. Hakusema neno. Siku tatu chai ilikuja bila sukari. Ya nne sukari ikaja bila chai.

Usiku huo nikakumbuka akiba yangu. Nikachuma jani, nikalifunga fundo kama Mangi alivyonionyesha, nikaliweka juu ya sahani, nikaenda kupiga goti sebuleni, mtu mzima mwenye goti bovu.

"Hiki ni nini?"

"Isale. Nimekuja kuomba radhi."

"Baba Neema. Wewe Mkerewe, mimi Msambaa. Isale limeingiaje hapa?"

Nikamweleza vizuri: masale, kihamba, kwamba aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa, hiyo ni mila na mila haina mjadala. Akasikiliza kwa ule utulivu wake.

"Sawa. Nimekusamehe," akasema. Nikashusha pumzi, nikaanza kuinuka. "Na hili jani umelichuma wapi?"

Nilibaki nimeinama nusu, mkono kwenye stuli. Yeye akaondoka kwenda chumbani. Nikamsikia anahesabu.

Ncha zilizokuwa bado na uhai zilikatwa usiku ule ule na kutiwa maji ya dukani, ya kunywa, kwa pesa yangu. Koliasi ilitoa mizizi ndani ya wiki moja na nusu, pundamilia hata wiki haikumaliza. Hukumu niliyopewa ni kusugua na kubadilisha peke yangu mpaka chupa zirudi kwenye idadi yake ya zamani, nazo zimesharudi: mizinga minane, za soda saba, glasi mbili, jagi na kikombe changu. Nilipouliza kama kifungo kimekwisha niliambiwa mikono yangu imeshazoea.

Lakini nimeruhusiwa kupunguza. Ninavyo vijiti kumi na kimoja, koliasi sita, pundamilia watatu na mani planti mbili, vyote mizizi yake imefika urefu wa kidole, natoa bure kwa yeyote atakayefika Tabata. Ila njoo na chupa yako. Na ukipita dukani kwa Mangi, usimwambie unakwenda kwa nani.